Nyumba Lamu, fleti London, akiba Maskati: je, wasia mmoja unatosha?

Swali, kutoka Mkomani, Lamu

Assalaam aleikum. Baba yetu, aliyefanya kazi Uingereza miaka mingi kabla ya kurejea, ana nyumba ya mawe hapa Mkomani, fleti London na akiba katika benki ya Maskati. Mwaka 1998 aliandika wasia huko London uliompa mama kila kitu. Sasa anataka kuandika mwingine hapa Lamu, ili mali yote igawanywe kisharia baina ya mama, sisi wana wawili wa kiume na dada zetu watatu. Je, wasia huo utafika kote? Tunauliza angali hai na akili timamu, kwani hatutaki kuanza kugombana baada ya hitima.

Jibu, kutoka Malindi

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Nimekuwa karani wa mawakili hapa Malindi, na jambo ninaloliogopa zaidi ni sentensi moja: "Nafuta wasia zote nilizoandika kabla ya huu." Baba akitia saini wasia wa nyumba ya Lamu wenye maneno hayo, ule wa London utafutika pia, na fleti itagawanywa kwa sheria ya Uingereza ya asiyeacha wasia: mke huchukua pauni 322,000 za mwanzo na nusu ya kinachozidi, na nusu iliyobaki hugawanywa sawa kwa watoto wote. Sivyo anavyokusudia.

Ningemshauri awe na wasia mbili, kila mmoja ukitamka kwamba unahusu mali ya nchi moja tu na haufuti mwenziwe. Ule wa London uandikwe na wakili wa huko na utaje mafungu waziwazi: mama thumni, yaani sehemu moja ya nane, kila mwana wa kiume thumni mbili, kila binti thumni moja. Mashahidi wawili wawepo pamoja anapotia saini, wala wasiwe warithi.

Kenya haitozi kodi ya mirathi tangu 1982, lakini Uingereza hutoza asilimia 40 ya thamani inayozidi pauni 325,000, hata kama mwenye fleti anaishi Lamu. Kinachokwenda kwa mke kwa kawaida husamehewa, hivyo kuubadilisha wasia wa 1998 kunaweza kuzaa kodi ambayo isingekuwepo. Aamue akijua hilo.

Jibu, kutoka Shela

Mwanangu, kwa nyumba ya Mkomani mafungu ya warithi yamekwisha kuwekwa, na Kadhi atayafuata. Wasia wa baba unaweza kugusa thuluthi tu, tena kwa asiyekuwa mrithi. Mimi nahofia zaidi hiyo akiba. Ami yangu alifariki akiwa na fedha Ghuba, nasi hatukujua hata jina la benki. Tulipoijua, hati ya Kadhi ikatakiwa itafsiriwe Kiarabu na kuthibitishwa, na tukarudishwa mara tatu. Mwombe baba aandike leo orodha ya akaunti na mahali zilipo hati.

Muulizaji

Nawashukuru sana. Mama anasema jina lake pia limo katika hati ya fleti.

Jibu, kutoka Malindi

Basi anzeni hapo, ndugu yangu. Ikiwa wanaimiliki kwa umoja usiogawika, atakayebaki hai ataichukua yote, na hakuna wasia utakaoigusa. Rejista ya ardhi ya Uingereza iko wazi. Chukueni nakala kabla ya kumlipa wakili yeyote.