Mrejesho: tanga la upepo mdogo

Wakuu, mrejesho kutoka Moshi. Niliuliza: kwa mashua yetu iliyoko Tanga, siku za upepo mdogo tununue jenoa kubwa (tanga la mbele linalopita mlingoti kuelekea nyuma) au spinaka (tanga jepesi lenye tumbo, la kwenda na upepo), maana tunashindana kwa hendikapu (muda wa kila mashua hurekebishwa kulingana na kasi inayotarajiwa kwake)? Mliosema spinaka, asanteni sana. Kwenye PHRF, mfumo mmojawapo wa hendikapu, jenoa ambayo upana wake unazidi asilimia 155 ya umbali kati ya mlingoti na kamba ya mbele inayoushikilia kwa kawaida huadhibiwa sekunde kadhaa kwa kila maili, na adhabu hiyo unaibeba hata siku ya upepo mkali. Tukachukua spinaka isiyo na pande sawa, nailoni nyepesi.

Mwanzo tulikosea: tulienda upepo ukiwa mgongoni kabisa, tanga likalegea kama shuka kambani. Tulipogeuza omo (mbele ya mashua) kidogo kuelekea joshi (upande upepo unakotoka), likajaa, mashua ikachangamka! Kamba nzito za tanga hilo pia tumezitoa, zilikuwa zinalivuta chini. Kwenda joshi bado tunatumia jenoa ya zamani.