Tupeane uzoefu: muvi inayotukanwa kumbe kosa ni la tivi

JaKondele
Wadau, hamjambo. Nimechoka kusikia eti Black Panther ni muvi ya giza, eti ule mwanzo wa msitu wa Sambisa haujulikani nani anampiga nani. Muvi iliyoletwa Kisumu kwa shangwe Februari 2018 isitukanwe ovyo! Tivi nyingi hutoka dukani zikiwa kwenye hali ya picha ya Vivid, na hapo weusi wote unakuwa doa moja. Weka Movie au Cinema. Sharpness shusha hadi sifuri au karibu na hapo. Ukitaka mwanga zaidi ongeza Backlight, usiguse Brightness, maana hiyo inageuza weusi kuwa kijivu. Haya, leteni muvi nyingine inayosingiziwa, na dawa yake.

Fundi wa Section 58
Adui mkubwa umemruka. Muvi hupigwa picha 24 kwa sekunde, halafu tivi inajitungia picha za katikati ili mwendo uwe laini. Matokeo yake muvi ya mabilioni inafanana na igizo la studio la saa nane mchana. LG huiita TruMotion, Samsung Auto Motion Plus, Sony Motionflow. Zima.

Mama Baraka Kakamega
Wakati wa mpira iacheni jamani, mtavunja ndoa za watu.

Fundi wa Section 58
Mpira sawa, mama. Muvi hapana.

Mzee wa Kaseti
Mimi naweka Vivid, nazima taa, naona kila kitu. Hizo zenu ni kanuni za vitabuni.

Omera254
Mzee wangu, kwa heshima, unaona rangi ya chungwa.

Rimoti Mkononi
Tenet ya 2020 inasingiziwa, lakini nusu tu. Mwelekezi wake, Nolan, hapendi waigizaji warudie maneno studio, anatumia sauti ya papo hapo, kisha anaifunika na muziki. Hilo ni lake. Nusu ya pili ni yetu. Muvi za siku hizi hutengenezwa kwa sauti za 5.1, yaani spika tano na moja ya besi, na maneno karibu yote hukaa kwenye spika ya katikati. Wewe una tivi ya spika mbili, au wufa isiyo na hiyo ya katikati. Nenda kwenye mipangilio ya sauti, chagua Stereo au PCM, ili maneno yagawiwe kushoto na kulia. Ukiona mahali pameandikwa Night Mode, washa: milipuko inashuka, minong'ono inapanda. Na besi ya wufa punguza, bana. Maneno hayatoki kwenye besi.

Binti Milimani
+1 kwa besi. Majirani pia wanashukuru.

Kibanda cha Video
Sauti mnayolalamikia angalau ipo. Hakuna fedheha kama hii: ukumbi umejaa, kila mtu ameshatoa hela yake, flashi imesoma, picha safi kama kioo, sauti hakuna. Benchi la nyuma wanaanza kupiga miluzi. Mwenye ukumbi anachomoa waya, anarudisha, anapiga wufa kofi, na wufa haina hatia hata kidogo. Sauti ya faili ni ya aina ya DTS, na tivi nyingi haziisomi. Ikiwa kinyume chake, sauti ipo na picha nyeusi, hapo shida ni H.265, namna mpya ya kubana picha, kwenye tivi ya zamani. Na faili ikigoma kabisa kuingia kwenye flashi, angalia ukubwa: flashi ya FAT32 haipokei faili moja ya kufika GB 4, hata kama ina nafasi ya 32. Dawa ya DTS ni amri moja kwenye kompyuta yenye programu ya ffmpeg:

ffmpeg -i muvi.mkv -c:v copy -c:a aac -b:a 192k -ac 2 mpya.mkv

Picha haiguswi, kwa hiyo inamaliza upesi. H.265 ndiyo ya kusubiri, maana lazima picha ipikwe upya.

Omera254
Ama tafuta ya DJ Afro, yule anayesimulia muvi kwa Kiswahili juu ya sauti yake, sauti huwa imeshakaa sawa 😂

Rimoti Mkononi
Hapo ndipo mnaua muvi. Akiingia DJ, muziki unalala.

Omera254
Muvi ya ngumi inahitaji muziki gani? DJ ndiye muziki.

Binti Milimani
Ya ngumi sawa. Lakini weka DJ kwenye A Quiet Place uone. Wale wanyama wanaowinda kwa kusikia wangeanza na yeye.

Mzee wa Kaseti
Turudi kwa muvi zenyewe. Out of Africa, 1985, Oscar saba, muziki wa John Barry. Imeandikwa dakika 161. Diski za kwetu zinaisha karibu 154. Bodi ya filamu ilikata dakika saba, na hakuna anayesema!

Mama Baraka Kakamega
Wacha! Walikata nini?

JaKondele
Mimi nasema ni ule usafiri wa ndege.

Omera254
Ni busu, hiyo iko wazi.

Fundi wa Section 58
Hakuna kilichokatwa. Diski za PAL, mfumo wa tivi wa kwetu, huenda kwa picha 25 kwa sekunde, na muvi ni 24. Inakimbizwa. Chukua 161, zidisha kwa 24, gawanya kwa 25: unapata 154 na nusu. Hata sauti hupanda kidogo. Bodi ikitaka kuzuia huzuia muvi nzima, kama Rafiki Aprili 2018, hadi mahakama ikaifungulia siku saba mwezi wa Septemba.

Mzee wa Kaseti
Hesabu ni hesabu, lakini mimi bado nina shaka.

Kibanda cha Video
Ndiyo maana pia maandishi ya chini hukimbia. Yakichelewa kwa kiasi kilekile mwanzo hadi mwisho, kwenye VLC bonyeza G au H. Yakianza sawa kisha yakazidi kutangulia kadiri muvi inavyoendelea, G na H hazisaidii. Fungua faili ya maandishi kwa programu ya Subtitle Edit, badilisha kasi kutoka 25 hadi 23.976. Halafu ipe jina lilelile la muvi, iweke folda moja.

Binti Milimani
Na Seven Samurai kwenye tivi pana? Kila mtu amenenepa.

Fundi wa Section 58
Ya 1954 hiyo, picha yake karibu mraba. Chagua 4:3 au Original, uvumilie weusi wa pembeni. Na zile za kisasa zenye weusi juu na chini usibonyeze Zoom, unatupa robo ya picha.

Mzee wa Kaseti
Mimi nabonyeza.