Je, binti yangu aanze na santuri au aanze na filamu?

Binti Karani (Nakuru)

Ndugu zangu, nawasalimu kutoka Nakuru. Mwezi uliopita mama alinikabidhi sanduku la santuri la marehemu baba, na tangu siku hiyo nimekuwa na swali ambalo hapa nyumbani sijapata wa kunijibu.

Baba alikuwa karani wa reli. Katikati ya miaka ya sabini alinunua gramafoni pamoja na santuri kumi na tatu katika mnada wa vyombo vya Mzungu mmoja aliyekuwa akirejea kwao. Nyingi zilikuwa za tamthilia za nyimbo, yaani ile michezo ya kuigiza ambayo hadithi yake husukumwa mbele kwa kuimba na kucheza dansi, nazo zilirekodiwa na waigizaji wale wale walioicheza jukwaani New York. Nilizaliwa nikazikuta. Kabla sijajua kusoma nilikuwa nikiimba *My Fair Lady* yote, upande wa kwanza na wa pili, bila kuelewa Kiingereza chake, na nilipojua kusoma, maandishi ya kwanza niliyoyasoma bila kulazimishwa na mwalimu yalikuwa muhtasari wa hadithi uliochapishwa nyuma ya jalada.

Sikuwahi kuona jukwaa lolote la mchezo huo, kwa hiyo nililijenga mwenyewe. Eliza, yule msichana muuza maua, nilimwona ameketi soko kuu la Nakuru miongoni mwa akina mama wa sukuma wiki, matope yakiwa yamemfika kwenye vifundo vya miguu. Profesa Higgins, yule anayemfundisha Eliza matamshi, nilimvika koti la mwalimu wetu mkuu. Nilipofika chuoni na kuiona filamu ya mwaka 1964, nilihuzunika kwa namna ambayo sikuweza kumweleza mtu, kwa sababu lile soko halikuwa soko langu, na sauti haikuwa sauti iliyonilea. Baadaye nilikuja kujua kwamba sehemu kubwa ya nyimbo za Audrey Hepburn, aliyemwigiza Eliza katika filamu hiyo, iliimbwa na Marni Nixon, ilhali Julie Andrews, aliyemwimba Eliza kwenye santuri ya baba, hakupewa nafasi hiyo.

Sasa binti yangu ana miaka kumi na mmoja na ameanza kuliulizia sanduku. Je, nimfanye asikilize kwanza kama nilivyosikiliza mimi, au nimwonyeshe filamu na video, kwa kuwa zinapatikana kwa urahisi? Nachelea kumnyima kitu ambacho mimi nilikikosa kwa uhaba tu, na vilevile nachelea kumnyang'anya soko lake kabla hajalijenga. Pia ningeomba ushauri kuhusu kuzitunza santuri zenyewe, maana baadhi zimeanza kupinda.

Mwalimu wa Kwaya (Kisumu)

Dada Binti Karani, pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa urithi huo. Mimi huwafundisha wanafunzi uimbaji na uigizaji, na jibu langu ni kwamba asikilize kwanza. Niruhusu nieleze kwa nini, kwa sababu wengi hudhani rekodi ya waigizaji ni masalio ya onyesho, kana kwamba mtu aliweka maikrofoni ukumbini akaondoka.

Rekodi hizi zilitengenezwa kwa makusudi kwa ajili ya mtu asiyeona. Kampuni ya Decca ilipowaingiza studioni waigizaji na okestra ya *Oklahoma!* mwaka 1943, nyimbo ziliuzwa zikiwa katika santuri sita za mizunguko 78 kwa dakika, na kwa kuwa kila upande ulibeba dakika chache tu, msikilizaji aliinuka kila mara kugeuza. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ilileta santuri ndefu ya mizunguko 33⅓, ambayo upande mmoja ulitosha kubeba takriban nusu ya nyimbo za mchezo mzima. Hapo ndipo Goddard Lieberson, mtayarishaji wa Columbia, alipoupata uwanja wake. *My Fair Lady* ilifunguliwa Broadway, kwenye kumbi kuu za maigizo za New York, tarehe 15 Machi 1956, na tarehe 25, siku ya Jumapili, waigizaji walikuwa studioni. *West Side Story* ilifunguliwa tarehe 26 Septemba 1957 na kurekodiwa Jumapili ya tarehe 29, siku tatu tu baadaye. Yaani ulichokuwa ukikisikia Nakuru kilikuwa sauti za watu ambao bado hawajaizoea kazi yao hadi kuichoka. Mazungumzo mengi yaliachwa nje, dansi zikafupishwa, na kilichobaki kikapangwa ili sikio liweze kuifuata hadithi. Kwa hiyo lile soko lako hukulijenga kwa kukosea. Rekodi ilikuachia nafasi ulijenge.

Zipo hata kazi zilizoanzia kwenye santuri. *Jesus Christ Superstar* ilitoka kama albamu mwaka 1970 na kufika jukwaani Broadway mwaka 1971, na *Evita* ilitoka mwaka 1976, miaka miwili kabla ya kuigizwa London. Watu wa kwanza kuzipenda kazi hizo walizipenda kwa masikio, kama wewe.

Jambo moja zaidi kuhusu *My Fair Lady*, ambalo hunigusa sana ninapofundisha huku kwetu. Hadithi yake inahusu msichana anayedharauliwa kwa sababu ya matamshi. Wanafunzi wangu wanajua hasa maana ya darasa zima kucheka kwa sababu umesema "shamaki" mahali pa "samaki", au kwa sababu ulimi uliolelewa na lugha ya mama umeibadilisha herufi moja. Ninapowachezea wimbo ule ambao matamshi yanamkubali Eliza kwa mara ya kwanza, na yeye, Higgins na Pickering, rafiki wa Higgins, wanashindwa kujizuia wakaanza kucheza, darasa hunyamaza. Mkumbushe binti pia kwamba Rex Harrison, aliyemwigiza Higgins, hakuwa mwimbaji: aliyanena maneno mengi juu ya muziki badala ya kuyaimba. Mtoto asiyejiamini kwa sauti anapolisikia hilo huinua kichwa.

Ila usimwache peke yake na santuri. Msomee muhtasari wa nyuma ya jalada, aya kwa aya, kati ya wimbo na wimbo, ili ajue nani anaimba na kwa nini anaimba wakati huo.

Mwana wa Idakho (Kakamega)

Mwalimu, nakuheshimu sana, lakini hapa siwezi kukubaliana nawe kikamilifu. Mtu anayezijua tamthilia hizi kwa sikio tu ana kasoro kubwa katika ujuzi wake, na mimi mwenyewe nimekuwa mtu huyo.

Nililelewa na kanda ambayo kaka yangu alinakili kutoka kwa rafiki yake, yenye nyimbo za *West Side Story*. Kwa miaka mingi niliona kwamba mwanzo wake, ule muziki wa okestra usio na maneno, ni kitu cha kuvumilia hadi nyimbo zianze, na mara nyingi niliusogeza mbele. Nilipoiona filamu ya mwaka 1961 nikiwa mtu mzima, nilitambua kwamba nilikuwa nikiruka kiini cha mambo. Uhasama wa yale makundi mawili ya vijana unasimuliwa pale kwa miguu, mabega na vidole, na muziki wa Leonard Bernstein umekatwa kufuata miili hiyo. Jerome Robbins, aliyebuni dansi za jukwaani, alishiriki pia kuiongoza filamu, kwa hiyo tunachokiona kina mkono wake.

Fikiria isukuti, dansi ya kwetu. Mgeni anaweza kuzisikia redioni zile ngoma tatu, kubwa, ya kati na ndogo, pamoja na pembe la swara, akasema ameupenda muziki wetu, na nitamshukuru. Lakini kama hajawahi kusimama kwenye uwanja ambamo watu wa Isukha na Idakho wanaicheza, mabega yakitikisika na vumbi likipanda, siwezi kumwambia kwamba anaijua isukuti. UNESCO ilipoiorodhesha mwaka 2014 kama urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, iliorodhesha dansi. Ngoma zinaandamana nayo.

Kwa hiyo, dada, ushauri wangu ni kwamba umtenganishie binti kazi mbili. *My Fair Lady* asikilize, kwa kuwa mambo yake mengi yamo katika maneno. *West Side Story* aione kwanza, angalau ule mwanzo, ndipo arudi kwenye santuri, na nina hakika hatausogeza mbele kama nilivyofanya.

Fundi Redio (Eldoret)

Kuhusu kupinda: santuri zisilazwe zikiwa zimerundikana. Zisimamishwe wima, zikikaribiana bila kubanwa, mbali na dirisha lenye jua na mbali na jiko. Iliyokwisha kupinda isiwekwe juani kwa matumaini ya kunyooka, maana utaiharibu kabisa. Nakuru ni mji ambao jina lake lenyewe huhusishwa na neno la Kimaasai lenye maana ya vumbi, kwa hiyo pangusa kila upande kwa kitambaa laini kikavu kabla ya kuucheza, ukifuata mzunguko wa mifereji, na ubadilishe sindano ya gramafoni kama hujui umri wake. Sindano iliyochakaa hula santuri polepole, nawe utadhani ni santuri iliyozeeka. Jambo la mwisho, zinakili zote kwenye kompyuta sasa, wakati zingali zinacheza.

Mama Achieng' (Kisumu)

Mwanangu Binti Karani, mimi ningeanza mahali pengine kabisa. Mtoto wa miaka kumi na mmoja wa Nakuru ataingia kwa urahisi zaidi katika tamthilia ambayo wahusika wake wanafanana naye. Shuleni kwetu tulionyeshwa filamu ya *Sarafina!* Jumamosi moja jioni, nasi wasichana tuliimba nyimbo zake bwenini hadi matroni akatuzimia taa. Ni baadaye sana nilipojua kwamba kabla ya filamu hiyo ya mwaka 1992, kazi hiyo ya Mbongeni Ngema iliigizwa Johannesburg mwaka 1987 na kufika Broadway mwaka uliofuata, na kwamba rekodi ya waigizaji wa jukwaani ipo. Niliposikiliza rekodi hiyo, yale maandamano ya wanafunzi wa Soweto ya mwaka 1976 yalinijia upya, bila sura za wacheza filamu kunizuia.

Nyuma zaidi kuna *King Kong*, iliyofunguliwa Johannesburg mwezi Februari 1959 kwa muziki wa Todd Matshikiza, ikisimulia maisha ya bondia Ezekiel Dlamini, huku Miriam Makeba akimwimba mwenye kilabu cha pombe. Waigizaji hao nao walirekodiwa. Mtoto anapaswa kujua kwamba bara hili lilikuwa na santuri zake za aina hii tangu wakati ule ule ambao baba yako alikuwa kijana.

Binti Karani (Nakuru)

Nawashukuru nyote, na Mama Achieng', nimepokea shauri lako: *King Kong* nimeipata na tutaisikiliza likizo ya Agosti. Fundi, santuri zimesimama wima tangu jana.

Nimeamua kufuata njia ya ndugu wa Idakho. Jumamosi nilimwonyesha binti mwanzo wa *West Side Story*, dakika zile za dansi peke yake, kisha nikaizima na kuweka *My Fair Lady* juu ya gramafoni, nami nikawa ninasoma jalada kati ya nyimbo kama mwalimu alivyoelekeza. Tulipofika pale Eliza anapotamani chumba chenye joto na kiti kikubwa cha kukalia, aliniomba nisimamishe. Alitaka kujua kama huyo dada huuza maua hata wakati wa mvua, na nani hununua. Nikamwuliza yeye anamwona wapi. Akajibu, bila kufikiri, kwamba yuko stendi ya matatu za Naivasha, upande wenye mabati, na maua ameyafunika kwa karatasi ya nailoni.

Tuliumaliza upande wa kwanza. Wa pili unangoja, kwa sababu stima ilipotea saa mbili usiku na haikurudi hadi asubuhi, na yeye amekataa kabisa kuusikiliza kwenye simu.