Chama cha wafanyakazi kinatukata mishahara, mahesabu hakionyeshi

Ndugu wanajamvi, ninafanya kazi katika kiwanda kimoja cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na kila mwisho wa mwezi hati yangu ya mshahara ina mstari wa makato ya chama, asilimia mbili, ingawa sijawahi kujaza fomu ya TUF 6, ile ya kumruhusu mwajiri akate ada ya chama, wala kupewa kadi ya uanachama.

Tulipomuuliza katibu wa tawi, alitujibu kwa mkato kwamba hiyo ni ada ya uwakala, ambayo kila mfanyakazi hulipa awe mwanachama asiwe. Ni kweli kwamba kifungu cha 72 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinairuhusu, lakini kwa masharti ambayo katibu hakuyagusa kabisa: chama kiwe kimetambuliwa kwa kuwa na wafanyakazi walio wengi kazini kama wanachama, kiwe na makubaliano na mwajiri, fedha ziwekwe katika akaunti ya peke yake, tena zitumike kwa maslahi ya wafanyakazi wa sehemu hiyo ya kazi tu. Tumeomba kuyaona makubaliano, tukaambiwa yako makao makuu. Tumeuliza idadi ya wanachama, tukaambiwa ni siri ya chama. Mahesabu yaliyokaguliwa, ambayo sheria hiyo hiyo inataka yasomwe mkutanoni kufikia tarehe 31 Machi, hakuna mwenzangu hata mmoja aliyewahi kuyasikia.

Na kazi ya chama ni ipi? Sangara wakiadimika, zamu hupunguzwa na sisi tunarudishwa nyumbani hadi tutakapoitwa, bila mshahara na bila barua, na siku hizo simu ya katibu haipokelewi. Wenzetu wanaosimama kutwa kwenye maji ya barafu wamepasukiwa mabuti, hivyo huvalia kwanza mifuko ya kufungashia minofu ndipo waingize mguu. Mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama na mwajiri kuhusu mishahara na masharti ya kazi, umekwisha muda wake, na anayejadili mpya kwa niaba yetu hatumjui. Mei Mosi peke yake ndiyo haikosi: fulana na kofia hufika mapema, tukapanga foleni na kupakiwa kwenye lori kwenda kuandamana. (Fulana zenyewe zikifuliwa mara moja hupanda kitovuni.)

Sisemi vyama vifutwe, maana mwajiri wetu angefurahi mno. Nataka nijue fedha yangu inakwenda wapi. Barua ya kusitisha makato, yenye notisi ya mwezi mmoja, nimeshaipeleka utumishi, nao wamenirudishia wakidai kwamba anayelipa ada ya uwakala hana pa kujitoa.

Aliyewahi kulifikisha jambo la namna hii kwa Msajili wa vyama, kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi au Mahakama Kuu Divisheni ya Kazi, naomba anieleze: mlimlalamikia nani kwanza, mwajiri anayekata au chama kinachopokea? Na makato ya nyuma, mlirudishiwa?