Msitu wa Mau ni mmoja, mbona tunalipishwa sesi (ushuru wa kaunti kwa mazao) kila tukivuka kaunti??

Jameni leo wacha niseme yote. Sisi watu wa kando ya msitu huku Elburgon, Molo, Kuresoi upande wa Nakuru mpaka ng'ambo ya Londiani kule Kericho tumechoka kuambiwa uchumi wetu unafufuliwa na hatujaona kaunti zetu zikikaa chini zikubaliane hata risiti moja tu ya sesi.

Hebu angalieni hii mambo. Mau ni karibu hekta laki nne, msitu mmoja, lakini kaunti zake zimetawanywa kwa miungano minne ya kiuchumi. Nakuru iko na watu wa Mlima Kenya na Aberdare, Kericho na Bomet wako kwa ule wa Ziwa wenye kaunti 14, Baringo na Uasin Gishu wako North Rift, Narok iko na Kajiado. Sasa Mau yenyewe inasemewa na nani? Sina ubaya na mtu wa Meru, ambaye tuko muungano mmoja na yeye, lakini shida yangu anaijua mtu wa Londiani, kwa sababu huyo tunakunywa mvua moja na yeye. Na wanaokula kutoka huu msitu ni wengi, maji ya Sondu yanatoka huku juu yanaenda kuzungusha mitambo ya Sondu Miriu huko Kisumu, megawati 60, Mto Njoro unajaza Ziwa Nakuru, Mto Mara unafika mpaka Serengeti. Sisi tunaokaa hapa juu tunabaki na baridi na matope.

Elburgon ilikuwa mji wa mbao, kila mtu anajua. Februari 2018 ukataji ukasimamishwa, tukaambiwa siku 90, ikaongezwa ikaongezwa mpaka Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza hapo Molo kwamba imeondolewa. Miaka mitano! Sikatai msitu ulikuwa unamalizwa na ilibidi mtu aseme basi, lakini nani alipanga yule wa kupakia lori, yule wa msumeno, yule mama wa chapati nje ya kiwanda wangekula nini? Vijana walienda Nakuru kuendesha boda na wengi hawajarudi. Na hata baada ya kufunguliwa mwenye mashini ndogo bado anauza saiprasi ikiwa mbichi kwa bei ya kutupa kwa sababu hana tanuri la kukausha, na mbao mbichi ikipinda hakuna fundi anaitaka. Hilo tanuri mtu mmoja hawezi kununua. Ushirika wa kaunti mbili tatu unaweza, tena haraka sana, kama wakubwa wangekaa meza moja.

Halafu kuna sisi wa PELIS, ule mpango wa kulima ndani ya msitu wa serikali huku tukitunza miche. Tunapanda viazi katikati ya miche ya serikali, tunapalilia, tunafukuza mbuzi, baada ya kama miaka mitatu hivi miti inaleta kivuli tunatoka. Kazi yote ya kukuza huo msitu ni mikono yetu, ukiuliza faida yetu ikivunwa unaambiwa mambo ya tenda hayakuhusu.

Sasa kilichonifanya niandike. Kikundi chetu kilipeleka asali Kisumu, mitungi ya lita 20 imepangwa kwa pikapu, wamama wengi wameweka akiba yao humo. Tukalipa sesi kaunti ya kwanza, sawa. Tumevuka tu, kamba imefungwa kwa pipa, kijana wa rifleksta anaangalia risiti yetu anasema "hii ni ya kwao, hapa mnalipa ya hapa." Tukamwomba, tukamwonyesha asali ni ile ile, msitu ni ule ule, wapi. Tukalipa, na risiti ikaandikwa "mazao mengineyo". Faida ya mitungi karibu miwili iliishia hapo barabarani na nilirudi nikiwa sijui nitawaambia nini hao wamama.

Na hii siyo kuomba huruma, iko kwa Katiba. Kifungu 209(5) kinasema kaunti isitoze ushuru kwa njia inayoharibu biashara ya kuvuka mipaka ya kaunti. Kifungu 189 kinaruhusu kaunti ziunde kamati na mamlaka za pamoja. Tangu 2010 hiyo ruhusa iko, kwa nini Mau haina kamati yake ya kaunti zote zinazoigusa? CFA zetu, vile vyama vya jamii vya misitu, ziko ndani ya sheria ya misitu ya 2016, asali, kuni, nyasi, dawa za mitishamba zote tunaruhusiwa, sasa ruhusa ya kuvuna bila njia ya kuuza inatusaidia na nini?

Tunataka risiti moja, ukilipa ulikotoka usiguswe tena mpaka sokoni. Wa Londiani, Kuresoi, Tinderet, Olenguruone, kama umelipishwa mara mbili weka picha za risiti zote mbili hapa, ficha jina na namba ya gari. Nikipata za kutosha nazichapisha nazipeleka kwa MCA (mwakilishi wa wadi) wa kila upande, na majibu yao nitayaweka hapa hapa neno kwa neno.