Amekalia Mfuko Wangu wa Saruji, Akanitisha kwa Kibali Alichonizuia Yeye Kukiomba

Ndugu zangu, naandika nikiwa bado nimesimama kiwanjani kwangu huku Chanika, mikono inatetemeka, na vumbi la pikipiki yake halijatua. Sitamtaja jina kwa sababu hakuna haja. Kila aliyewahi kununua tofali kuanzia Gongo la Mboto hadi huku anamjua, yule wa kofia ngumu ya njano anayejiita mkandarasi, ambaye amekunywa chai ya wateja kiasi cha kujaza tenki la lita 5,000 na bado hajaifikisha nyumba hata moja kwenye bati.

Asubuhi ya leo, mbele ya mama yangu mzazi aliyesafiri kutoka Tanga kuja kuliona boma la binti yake, mtu huyu amekaa juu ya mfuko wa saruji nilioununua kwa pesa yangu, akakunja nne, akaniambia: “Dada, nimalizie milioni moja na nusu yangu, la sivyo nakwenda mimi mwenyewe halmashauri kuwaambia kwamba unajenga bila kibali.”

Kibali kipi? Kabla hatujachimba msingi nilimwambia kwamba nataka kupeleka kwanza michoro na nyaraka za kiwanja halmashauri, kama sheria inavyotaka, na ni yeye aliyenicheka mbele ya vijana wake, akasema nyumba ya vyumba vitatu haina haja ya kusumbua maofisa, kwamba ana mtu wake huko ndani, na kwamba kibali kitatukuta kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Kilichotukuta, tena kwenye kozi ya sita tu, yaani safu ya sita ya tofali, ni rangi nyekundu ukutani: SIMAMISHA UJENZI. Siku ile ile alikusanya miko yake, timazi yake na vijana wake, na kwa wiki saba simu yake haikupatikana. Leo ndiyo amejitokeza, akaona mfuko mzima umebaki chini ya turubai, akaukalia.

Nakiri kwamba kiwanja ni changu, kwa hiyo aliyepaswa kuomba kibali ni mimi, na faini nikitozwa nitailipa bila kumlaumu mtu. Ninachokikataa ni bei yake. Tulikubaliana shilingi 4,500,000 za ufundi peke yake, vifaa vyote juu yangu, kwa awamu tatu za milioni moja na nusu: msingi na jamvi (sakafu ya zege), kuta hadi kozi ya tisa, kisha kumwaga renta, kupandisha kozi za juu na kupaua, yaani kuweka paa. Awamu ya kwanza aliimaliza na nililipa. Ya pili nililipa yote mapema, kwa sababu alikuja jioni na hadithi ya mtoto kurudishwa shule kwa ada, lakini aliishia kozi ya sita kati ya tisa, yaani theluthi mbili ya kazi, ambayo ni milioni moja. Ya tatu hajaigusa hata kwa kidole. Kwa hiyo kazi aliyoifanya ni ya 2,500,000 na mkononi ana 3,000,000, na anayedaiwa laki tano ni yeye, yeye aliyekalia mfuko wangu na kukunja nne.

Hapo sijagusa ubora. Ukuta wa chumba cha watoto umeacha timazi, umepinda, kiasi kwamba fundi mwingine niliyemwita jana aliutazama, akavua kofia kama aliyeingia msibani, akaniambia kozi tatu za juu zishuke. Nani analipia kuzishusha? Wote tulilia Novemba 2024 lile ghorofa la Kariakoo lilipoporomoka juu ya watu. Nyumba yangu si ghorofa, lakini chini ya ukuta ule watalala wanangu, na yeye anataka nimlipe kana kwamba ameuacha umenyooka. Nilipomwonyesha hakuinuka hata kuutazama. Aliupigapiga ule mfuko kwa kiganja, kama mtu anayebembeleza punda wake, akarudia: “Nyumba isiyo na kibali haina fundi mbaya, dada. Nilipe.”

Mama yangu hajasema neno tangu wakati huo. Ameingia kibandani na amekataa chai.

*

Maoni ya wasomaji na majibu yangu:

MJUKUU WA MVUVI: Pole dada, lakini umelipa awamu ya pili kabla haijaanza, kwa mtu ambaye wewe mwenyewe unasema hajawahi kufika kwenye bati na kwamba wote tunamjua. Ulimjua lini, kabla au baada ya kumpa pesa?

MWENYE BOMA: Nilimjua kwa sura, sikumjua kwa tabia. Na hilo halimpi ruhusa ya kukalia mfuko wangu mbele ya mama yangu.

WAKILI WA KIJIWENI: Mwambie aende halmashauri leo leo. Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya 1997 haimruhusu mtu kufanya biashara ya ukandarasi bila kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi, ambayo ina madaraja yake hadi la saba, kwa hiyo muulize yeye yuko daraja gani na akuonyeshe cheti. Zaidi ya hapo, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 23, inasema makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria ni batili. Akifungua mdomo kuhusu kibali, anajichongea mwenyewe.

FUNDI WA MBAGALA: Ninyi wenye nyumba mkishajifunza neno “batili” mnataka kujengewa bure. Mimi niliachwa na mteja kwenye jamvi baada ya kumwaga zege siku mbili bila kulala, kisa amri ya kusimamisha imekuja, akaniambia kazi haramu haina malipo. Jamvi lile hadi leo analitumia kuanikia mihogo. Kama zege lipo na linatumika, lilipwe.

MWENYE BOMA: Fundi, sisemi asilipwe. Nimempa milioni tatu kwa kazi ya milioni mbili na nusu. Aitwe mkadiriaji majenzi, mtaalamu wa kupiga hesabu za gharama za ujenzi, apime kilichosimama, atoe gharama ya kushusha kozi tatu zilizopinda, na kitakachobaki tukiandike mbele ya mjumbe. Yeye anataka kulipwa renta ambayo haipo hewani wala ardhini.

SHEMEJI WA TABATA: Heri wewe uliyefika kozi ya sita. Wangu alichukua pesa ya kenchi, zile mbao za paa, akapaua nusu ya mbele inayoonekana barabarani, akahama mkoa. Wageni wakipita wananipongeza, mvua ikinyesha nalala kwa jirani.

MJUKUU WA MVUVI: Shemeji, mbao zako zilitiwa dawa? Maana wangu aliapa zimetiwa, na mchwa wamezimaliza kabla sijamaliza deni la benki.

FUNDI WA MBAGALA: Chanzo cha yote ni tofali. Mteja anafyatuliwa tofali 50 za inchi sita kwa mfuko mmoja tu wa saruji, ukuta ukipinda anamlaumu fundi.

SHEMEJI WA TABATA: Hamsini? Wangu alinihesabia 30 kwa mfuko na bado zinavunjika kwa kushikwa.

FUNDI WA MBAGALA: Kama ni 30 na zinavunjika, basi hazikumwagiliwa maji. Nani alikuwa anamwagilia?

SHEMEJI WA TABATA: Yeye. Na alikuwa ananitoza maji.

MWENYE BOMA: Jamani, amerudi. Ameegesha pikipiki, na anatembea moja kwa moja kuelekea kwenye mfuko.