Mimi, mtoto wa Majengo, Mombasa, naambiwa "Jambo"!

Nyie, mikono yatetemeka hadi sasa. Yule jamaa wa viazi karai wa Mji wa Kale mnamjua, yule agongaye kijiko kwenye karai kama yuko ngomani. Huyo huyo.

Shemeji kaja kutoka Kisumu, hajawahi kuiona pwani. Nimemtembeza Fort Jesus kifua mbele, namweleza Wareno walianza kuijenga 1593. Getini nimetoa kitambulisho, nikalipa bei ya mwananchi. Tukakata vichochoro, milango ya nakshi, kahawa tungu na kashata. Mwenyeji mimi, sivyo?

Tukafika kwa mheshimiwa. "Assalam aleikum ami, nipe viazi sita, ukwaju mwingi." Akaniangalia kuanzia viatu hadi kofia, akatabasamu: "Jambo! Karibu Mombasa!"

Jambo! Mimi! Tena ile ya kuvuta, "Jaaambo", ya hotelini. Shemeji kacheka hadi dafu likamtoka puani. Halafu kiazi kimoja hamsini. Hamsini nasamehe. Jambo sisamehe. Wareno walizingirwa mle ngomeni tangu 1696 hadi 1698, wakafa kwa njaa na maradhi, lakini angalau hawakuambiwa Jambo.

Na viazi vilikuwa vitamu, ndicho kinachoniuma.

Bibi Kaimati: Pole mwanangu. Ulikuwa umevaa nini?

Mwenye uzi: Kofia ya ukili tu. Na kaptula. Kamera ni ya shemeji, nilimshikia.

Bibi Kaimati: Haya. Jambo!

Kando ya Feri: Si wewe uliyehamia Nairobi, waja Disemba kwa Disemba? Bei yako ni hiyo hiyo.

Mwenye uzi: NIMEZALIWA MAJENGO. Nairobi na Jambo vyahusiana vipi?

Magurudumu Matatu: Shukuru wewe umeuziwa kiazi. Mimi jana kutoka Marikiti hadi Pembe za Ndovu, tuktuk kataka mia tatu. Mia tatu! Ningebebwa mgongoni ingekuwa rahisi.

Kando ya Feri: Tuktuk kitu gani? Njoo Likoni usimame juani saa nzima, uone mbuzi akipanda feri kabla yako.

Mwenye uzi: Mbuzi huyo aliambiwa Jambo?

Pilipili Hoho: Mimi shida yangu ni huo ukwaju. Siku hizi ni maji matupu, hata kidole haushiki.

Bibi Kaimati: Ukwaju wa kweli nenda Mama Ngina, kwenye mihogo, wakati wa magharibi upepo ukivuma.

Pilipili Hoho: Bibi, mihogo ni ndimu na pilipili. Ukwaju umetoka wapi?

Bibi Kaimati: Umelelewa wapi wewe?

Magurudumu Matatu: Ndimu, bibi. Hapo hoho asema kweli.

Mwenye uzi: Jamani, tulikuwa kwenye Jambo.

Pilipili Hoho: Subiri kwanza. Muhogo hautiwi ukwaju.